Gitaa la Dansi Chumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Malezi ya Muziki, Kurekodi Nyumbani na Uchaguzi wa Vifaa

Majibu haya yanamlenga mpigaji anayetaka kurekodi magitaa ya muziki wa dansi akiwa nyumbani kwake, kwa kompyuta ya kawaida na bajeti isiyo kubwa. Mimi ni mpiga solo wa Dar es Salaam, na karibu kila ninachosema kuhusu vifaa kinatokana na namna magitaa ya dansi yanavyopangwa. Anayepiga roki nzito au gospeli ya kisasa atakuta sehemu ambazo ushauri huu haumfai, na hilo ni sawa.

Ulijifunza wapi kupiga gitaa?

Nilijifunzia kanisani, kama wapigaji wengi wa kizazi changu. Kwaya yetu ilikuwa na magitaa ya umeme, kinanda na ngoma, na kijana aliyeonyesha hamu alikabidhiwa gitaa la besi kwa sababu hakuna mkubwa aliyelitaka. Nyimbo ziliandikwa ubaoni kwa nota za sol-fa, sauti nne zikiwa zimepangwa moja chini ya nyingine, kwa hiyo niliizoea besi kama sauti ya nne ya kwaya kabla sijajua jina la kodi hata moja, yaani nota kadhaa zinazolia pamoja. Malezi hayo hayajaniacha: nikisikia mfuatano wa kodi, masikio yangu hutafuta kwanza ni sauti ipi imesogea na ipi imebaki palepale, na huo ndio ujuzi unaohitajika zaidi katika dansi.

Dansi yenyewe niliipata kwenye mazoezi ya bendi, ambayo kwa kawaida hufanyika mchana katika kumbi zilezile zinazotumika usiku. Huko hakuna anayefundisha kwa maelezo. Mgeni huketi karibu na mpiga ridhimu, hutazama mkono wake wa kushoto, na siku mpigaji huyo akichelewa ndiyo siku ya mtihani. Sikuwahi kuambiwa kwa maneno kwamba solo inapaswa kuiachia nafasi sauti ya mwimbaji. Niliona tu kwamba aliyeziba nafasi hiyo hakuitwa tena.

Ni wapigaji gani waliokuathiri?

Wa kwanza ni Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, aliyefariki mwaka 1979 kwa ajali ya gari Mombasa. Watu humkumbuka kwa sauti na mashairi yake, lakini mimi ninamsikiliza kwa mkono wake: solo yake hujibu mstari alioimba mwenyewe, kwa mwendo wa maneno yaleyale, hivi kwamba msikilizaji anayejua Kiswahili karibu asikie gitaa likitamka.

Nyuma yake wapo watu wa gitaa kavu, lisilo la umeme. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda mwaka 1952 huko Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, katika Katanga, na rekodi hizo zilisambaa hadi Afrika Mashariki na kusini mwa bara. Mwenda alitumia kidole gumba na cha shahada peke yake, gumba likishika besi na shahada ikipiga mdundo unaovuka ule wa gumba. Magharibi mwa Kenya, George Mukabi alipiga mtindo wa omutibo, ambao mara nyingi huandamana na mtu anayekwaruza chupa ya soda yenye mifuo. Pwani ya Kenya alikuwepo Fundi Konde, miongoni mwa wapigaji wa mapema wa gitaa la umeme katika eneo letu. Ninawataja hawa kwa pamoja kwa sababu kila mmoja alikuwa bendi ya mtu mmoja, na anayerekodi peke yake chumbani ana mengi ya kujifunza kwao kabla hajafungua kompyuta.

Kutoka Kongo ninamtaja Docteur Nico, yaani Nicolas Kasanda, kwa usafi wa sauti yake na kwa namna alivyopiga nota mbili kwa wakati mmoja juu kabisa ya shingo ya gitaa. Athari ya Kongo Dar es Salaam haikuja kwa santuri tu, kwani wanamuziki wenyewe walihamia. Orchestra Maquis ilitoka Lubumbashi ikaweka makao hapa, na Remmy Ongala alifika mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy.

Magitaa ya dansi hugawanaje kazi?

Swali hili ningependa liulizwe kabla ya yote mengine, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua ununue nini na urekodi namna gani.

Katika bendi kamili kuna ridhimu, solo ya pili, solo ya kwanza na besi. Ridhimu hukaa mwanzoni mwa shingo ya gitaa, karibu na kichwa, hushika kodi, lakini haizikwangui zote kwa pamoja kama mpiga gitaa wa nyimbo za kambini. Huzivunja nota moja moja kwa mpangilio unaojirudia. Solo ya pili hukaa katikati na hushika kipande kifupi, mara nyingi cha nota sita au nane, ambacho hakibadiliki isipokuwa kodi inapobadilika. Solo ya kwanza hukaa juu, kuanzia freti ya saba hadi kumi na mbili na zaidi (freti ni vijiti vya chuma vinavyokata shingo), ikizungumza na mwimbaji na ala za kupuliza za bendi. Besi, kinyume na inavyodhaniwa, haijazi kila pigo. Huacha mapengo makubwa, na mara nyingi pigo la kwanza la hesabu huachwa tupu ili ngoma ilishike.

Wimbo ukifika kwenye chemko, mwendo hubadilika, mashairi hupungua, na magitaa ndiyo yanayobeba wimbo. Hapo ndipo ubovu wa mpangilio hujulikana. Ikiwa ridhimu na solo ya pili ziko katika nota zilezile za katikati, hakuna kifaa duniani kitakachozitenganisha, na msikilizaji atasikia mkoroganyo. Zikiwa zimetengana kwa nafasi kwenye shingo na kwa mapigo, hata simu yenye spika ndogo itatoa kila gitaa mahali pake. Kwa hiyo anayeniletea rekodi yenye matope akiniuliza anunue nini, ninamwomba kwanza anipigie kila kipande peke yake.

Je, mtu mmoja anaweza kurekodi vipande vyote peke yake?

Anaweza, na jambo hilo lina umri mkubwa kuliko kompyuta. Mwaka 1948 Mmarekani Les Paul alitoa rekodi ambazo alikuwa amepiga magitaa yote mwenyewe, akiwa katika gereji ya nyumba yake Hollywood, kwa kurekodi juu ya sahani ya santuri moja baada ya nyingine. Mwaka 1979 kampuni ya Tascam ilitoa Portastudio, mashine ya traki nne, yaani njia nne za kurekodi zinazojitegemea, iliyotumia kaseti ya kawaida, na kuanzia hapo jambo hilo likawa la mtu yeyote mwenye chumba. Kompyuta imeondoa tu kikomo cha idadi ya traki, na sina hakika kwamba hilo limetusaidia sana.

Dansi yetu haikurekodiwa hivyo. Katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam bendi nzima ilipiga kwa pamoja, na aliyekosea aliwalazimu wote kuanza upya. Utakachokosa ukirekodi peke yako ni ule mshtuko mdogo wa mpigaji mmoja anapomsikia mwenzake akibadilisha kitu naye akajibu papo hapo. Hauwezi kurudishwa wote, lakini kuna njia za kupunguza hasara.

Mimi huanza na solo ya pili. Wengi huanza na ngoma za kompyuta kisha ridhimu, na matokeo yake huwa magumu kama mbao, kwa sababu kila kinachofuata kinajipima kwa mashine. Solo ya pili ndiyo yenye mwendo wa dansi ndani yake. Huwasha metronomi kwa sauti ndogo, hupiga kayamba halisi mbele ya maikrofoni kwa urefu wa wimbo mzima, huizima metronomi, kisha hurekodi solo ya pili nikiifuata kayamba. Ridhimu hufuata, kisha besi, kisha sauti ya mwimbaji ya kuongozea, na solo ya kwanza huja mwisho kabisa, maana haiwezekani kumjibu mtu ambaye bado hajasema.

Piga kipande chote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kishawishi cha kurekodi mizunguko minne na kuinakili mara hamsini ni kikubwa, hasa usiku. Lakini mpiga solo ya pili mzuri hubadilisha uzito wa kidole katika kila mzunguko bila kujua, na mabadiliko hayo ndiyo yanayomfanya mchezaji aendelee kucheza dakika ya saba. Ukinakili, unayaua.

Ninahitaji kompyuta na programu gani?

Kompyuta yoyote ya miaka ya karibuni inatosha kwa magitaa manne, besi, sauti na ngoma, mradi iwe na kumbukumbu ya gigabaiti 8 au zaidi na diski isiyo ya kuzunguka. Audacity, iliyotoka mwaka 2000, ni ya bure na inafaa kwa anayeanza, ingawa si rahisi kuitumia kwa wimbo wenye traki nyingi. Mimi ninatumia REAPER, ambayo leseni yake kwa mtu binafsi ni dola 60 na inaruhusu majaribio ya siku 60 bila malipo. Wenye kompyuta au simu za Apple wanayo GarageBand tayari, na sioni sababu ya wao kutafuta nyingine mpaka wafikie kikomo chake.

Weka mradi kwenye kilohezi 48 na biti 24. Kiwango cha kurekodi kisipite takribani desibeli 10 chini ya kilele. Biti 24 zina nafasi ya kutosha, kwa hiyo hakuna faida ya kusukuma hadi taa nyekundu ziwake.

Je, intafesi ya sauti ni ya lazima?

Kwa gitaa la umeme, ndiyo, kisanduku hiki kinachoingiza sauti kwenye kompyuta ni cha lazima, na hapa ndipo fedha ya kwanza inapostahili kwenda. Tundu la maikrofoni la kompyuta halikuundwa kupokea gitaa. Pikapu za gitaa, yaani sumaku zenye koili zinazonasa mtikisiko wa nyuzi, zinahitaji mlango wenye ukinzani mkubwa, kiasi cha megaohmu 1. Zikiunganishwa kwenye mlango wa ukinzani mdogo, nota za juu hufifia na gitaa husikika kama limefunikwa blanketi. Intafesi ndogo yenye mlango mmoja wa gitaa na mmoja wa maikrofoni, mfano wa Focusrite Scarlett Solo, inamtosha anayerekodi kipande kimoja kwa wakati.

Faida ya pili ni kupunguza ucheleweshaji wa sauti kati ya kidole na sikio. Bafa ni fungu la sauti ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulichakata. Bafa ya sampuli 128 kwa kilohezi 48 huchelewesha kwa milisekunde 2.7 hivi kwa kuingia, na kiasi kama hicho kwa kutoka. Bafa ya sampuli 1024 huchelewesha kwa milisekunde 21 kila upande. Sauti husafiri hewani mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kila milisekunde 21 ni kama kusogea mita 7 mbali na amplifaya yako. Solo ya pili haiwezi kukaa kwenye mwendo ikiwa mpigaji anajisikia kutoka upande wa pili wa ukumbi. Rekodi kwa bafa ndogo, na unapochanganya sauti irudishe kubwa ili kompyuta ipumue. Intafesi nyingi zina pia swichi ya kujisikiliza moja kwa moja kabla sauti haijapita kwenye kompyuta. Itumie, hasa kama kompyuta ni ya zamani.

Nirekodi kupitia amplifaya na maikrofoni, au kwa waya moja kwa moja?

Sauti ya dansi ni safi. Haina mkwaruzo mwingi, kwa hiyo anayeirekodi kwa waya moja kwa moja hapotezi kama anavyopoteza mpigaji wa roki, ambaye nusu ya sauti yake ni amplifaya iliyosukumwa hadi ikalia. Kwa ridhimu na solo ya pili ninatumia waya, na ndani ya kompyuta ninaongeza programu inayoiga amplifaya safi.

Kwa solo ya kwanza ninapendelea amplifaya halisi yenye maikrofoni mbele yake. Shure SM57, inayotengenezwa tangu mwaka 1965, bado ndiyo chaguo la kawaida duniani kote, na sijaona sababu ya kupingana nayo. Iweke sentimeta chache kutoka kwenye kitambaa cha spika. Ikielekea katikati ya koni sauti huwa kali. Ukiisogeza taratibu kuelekea pembeni huwa nene na nyororo. Kusogeza kwa upana wa vidole viwili hubadilisha zaidi kuliko saa nzima ya kuchezea ikwalaiza, kwa hiyo mwombe mtu apige huku wewe ukiisogeza na hedifoni masikioni. Amplifaya ndogo ya wati 10 au 15 inatosha, na majirani watakushukuru.

Chumba changu kina mwangwi mbaya. Nifanye nini?

Nyumba zetu nyingi zina kuta za saruji, sakafu ya vigae na dari ngumu, na kwa maikrofoni huo ni mtego. Tenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa mara nyingi: kuzuia sauti isitoke au isiingie ni kazi ya ujenzi, inahitaji uzito na mianya kuzibwa, na katika nyumba ya kupanga haiwezekani. Kufyonza mwangwi ndani ya chumba kunawezekana leo hii.

Trei za mayai zilizobandikwa ukutani hazisaidii chochote cha maana. Ni nyepesi mno. Khanga na mapazia mepesi nayo hupunguza kidogo tu nota za juu kabisa. Kinachofanya kazi ni unene. Godoro la sponji lililosimamishwa nyuma ya mpigaji, jingine likiwa pembeni, blanketi nzito zilizokunjwa na kutundikwa kwa kuacha nafasi kati yake na ukuta, kabati la nguo lililofunguliwa milango: hivyo vitabadilisha rekodi ya gitaa kavu kabisa. Chumba cha kulala karibu daima ni bora kuliko sebule.

Halafu ziko kelele. Panga boi lizimwe kabla ya kurekodi kwa maikrofoni, hata kama jasho litatoka. Mlio wake mdogo usioonekana kuwa tatizo huongezeka kwa kila traki unayoijumlisha. Friji nayo izimwe, na weka funguo za nyumba ndani yake ili usiisahau ikiwa imezimwa. Mvua ikinyesha juu ya mabati, rekodi besi kwa waya au nenda kalale.

Gitaa langu linavuma. Tatizo ni nini?

Umeme wetu ni wa hezi 50, na pikapu za koili moja huunasa mvumo huo pamoja na ule wa hezi 100 na 150 juu yake. Geuza mwili wako polepole ukiwa umekaa na utasikia mahali ambapo mvumo unapungua. Rekodi ukiwa umeelekea huko. Sogea mbali na taa za kupunguza mwanga, chaja za simu na kompyuta yenyewe. Pikapu za koili mbili, ambazo Seth Lover wa Gibson alizibuni mwaka 1955 kwa ajili ya tatizo hilihili, hufuta sehemu kubwa ya mvumo, ingawa zinapunguza kidogo ule mng'ao wa juu ambao dansi inaupenda.

Mvumo kupungua kidogo unapogusa nyuzi ni kawaida, lakini ukipungua sana, huenda nyumba haina waya wa ethi unaofanya kazi. Mwite fundi umeme aliyesajiliwa. Usikate pini ya ethi kwenye plagi kwa ajili ya kutafuta ukimya, kwa kuwa pini hiyo ndiyo inayokulinda amplifaya ikiharibika.

Na umeme ukikatika katikati ya kurekodi?

Tumia kompyuta ya mkononi na intafesi inayopata nguvu kupitia waya wa USB, na weka programu ijihifadhi yenyewe kila baada ya dakika chache. Kurekodi kwa betri, chaja ikiwa imechomolewa, mara nyingi huondoa pia mlio mwembamba unaotoka kwenye chaja, kwa hiyo mgawo wa umeme umewahi kunipa traki safi kuliko siku za kawaida.

Ninunue gitaa gani?

Kwa anayeanza na dansi ninapendekeza gitaa la umeme lenye angalau pikapu moja ya koili moja karibu na shingo au katikati. Yamaha Pacifica 112 ina pikapu mbili za koili moja na moja ya koili mbili karibu na daraja, na kwa hiyo inaweza kuwa ridhimu, solo ya pili na solo kwa kugeuza swichi tu, jambo lenye thamani kubwa kwa anayerekodi vipande vyote mwenyewe. Magitaa ya Squier yenye umbo la Stratocaster au Telecaster yanafaa pia. Urefu wa nyuzi kwenye magitaa ya aina ya Fender ni milimita 648 hivi, na kwenye mengi ya Gibson ni 628. Tofauti hiyo ndogo husikika kwenye mlio na huhisiwa kwenye vidole, kwa kuwa nyuzi ndefu hukazwa zaidi na hutoa nota zilizo wazi.

Wazee bado huliita gitaa kavu galatoni, na wapo watakaokuambia uanze na hilo ili vidole vikomae. Sikubaliani nao kabisa. Gitaa kavu la bei nafuu lenye nyuzi zilizoinuka juu mno limewakatisha tamaa vijana wengi kuliko lilivyowakomaza.

Unapokagua gitaa dukani, Kariakoo au kwingineko, tazama shingo kwa kulishika gitaa kama bunduki na kuangalia kutoka kichwani kuelekea daraja. Inapaswa kunyooka, ikiwa na upinde mdogo sana wa kwenda mbele. Bonyeza kila uzi kwenye kila freti na usikilize kama kuna nota inayokwaruza au kufa. Kisha linganisha nota ya freti ya kumi na mbili na ile ya kengele inayopatikana kwa kuugusa uzi juu ya freti hiyohiyo bila kuubonyeza. Zikitofautiana kidogo, daraja linarekebishika, zikitofautiana sana, rudisha gitaa. Tenga fedha za kumlipa fundi wa magitaa aliweke sawa. Gitaa la wastani lililowekwa sawa lina faida kuliko la ghali lililotoka kwenye boksi.

Nyuzi zipi, na zibadilishwe lini?

Seti ya kuanzia 10 hadi 46, yaani unene wa nyuzi kwa sehemu za elfu za inchi, ni ya kati na inafaa vipande vyote. Anayekaa na ridhimu tu anaweza kupanda hadi 11 apate uzito zaidi. Pwani nyuzi hupata kutu haraka kwa sababu ya unyevu na chumvi ya hewani. Zifute kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza kupiga, na kama unaweza, nunua zilizopakwa utando, ambazo hudumu zaidi. Kuchemsha nyuzi kuukuu huondoa uchafu na huzirudishia uhai kwa siku chache, lakini kwa rekodi inayobaki milele weka mpya siku moja kabla, uzivute, uziache zitulie.

Ipo pia mbinu ya Kikongo ya kuondoa uzi wa nne na kuweka mwembamba uliofungwa oktava moja juu. Gitaa la aina hiyo, linalojulikana kama mi-composé, hutoa kipande cha solo ya pili kinachometameta bila kugongana na ridhimu hata mkipiga kodi zilezile. Ukiwa na gitaa la ziada, hata bovu kidogo, lifanye hivyo kabla ya kununua pedali yoyote ya kubadilisha sauti.

Pedali je?

Kompresa moja, inayosawazisha nota kubwa na ndogo, na ya mwangwi moja, basi.

Ninatambuaje maikrofoni ya bandia?

Bei ndiyo dalili ya kwanza. Kwa SM57, ipime: halisi ina uzito wa gramu 284, na za bandia mara nyingi huwa nyepesi. Angalia pia uchapaji kwenye boksi na kwenye pete ya maikrofoni. Hata hivyo, maikrofoni nafuu yenye jina lake mwenyewe ina heshima kuliko ya bandia yenye jina la kuazima, na mara nyingi hurekodi vizuri zaidi.

Ninachanganyaje magitaa yasizibane?

Ikiwa mpangilio ni mzuri, kazi iliyobaki ni ndogo. Weka ridhimu kushoto, solo ya pili kulia, solo ya kwanza karibu na katikati na besi katikati kabisa. Uzi mzito wa gitaa ukiwa wazi hutoa hezi 82 hivi, na wa besi hutoa 41. Kata kila kilicho chini ya hezi 100 kwenye magitaa ya juu, ambayo hayana nota huko na yanachangia mvumo tu, ili besi ipate pa kukaa. Mwangwi uwe mfupi na uwe mmoja kwa wote, ili magitaa yaonekane yamekaa ukumbi mmoja.

Usihangaike kuufanya wimbo uwe na sauti kubwa kuliko za wengine. Spotify hushusha nyimbo hadi karibu LUFS 14 chini ya sifuri (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti unaosikika), na YouTube nayo hupunguza zilizosukumwa mno, kwa hiyo utakachobaki nacho ni wimbo uliobanwa.

Ninaruhusiwa kurekodi upya nyimbo za zamani za bendi?

Kuimba nyumbani hakuna tatizo. Kusambaza ni jambo jingine: mashairi na tuni vina wenyewe au warithi wao, na rekodi ya awali ina haki zake tofauti. Tanzania mambo haya yako chini ya sheria ya hakimiliki Na. 7 ya mwaka 1999 na husimamiwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kenya, mamlaka husika ni KECOBO. Uliza kabla ya kuachia wimbo, na taja majina ya watunzi hata pale ambapo hakuna anayekulazimisha.

Ninataka kushirikiana na mpigaji aliye mji mwingine. Tubadilishane faili za namna gani?

Hii ndiyo tiba bora ya upweke wa kurekodi peke yako, na siku hizi robo ya kazi zangu hufanyika hivyo, hasa na wapigaji wa Nairobi na Lubumbashi. Kila traki itolewe kama WAV ya kilohezi 48 na biti 24, ikianzia sekunde ya sifuri ya wimbo hata kama gitaa linaingia dakika ya tatu, ili mwenzako aiburute tu na ikae mahali pake. Andika kwenye jina la faili kipande, mwendo na tuni ya gitaa. Mtumie traki bila mwangwi na bila kompresa, pamoja na nakala moja ya MP3 yenye kila kitu ili asikie unachokikusudia. Usimtumie solo yako ya kwanza iliyokamilika. Mtumie solo ya pili na sauti ya kuongozea, umwachie mizunguko minane mitupu kwenye chemko, kisha subiri uone ataijaza kwa kitu gani.